Shule mpya ya msingi mtaani: hesabu watoto kabla ya tofali

Somo hili ni la wajumbe wa serikali za mitaa, kamati za ujenzi na wazazi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji wanaotaka shule ya serikali karibu na nyumbani. Walio vijijini, Kasulu au Uvinza, watalitumia vilevile, ila penye mkutano wa mtaa wao wasome mkutano mkuu wa kijiji.

Mitaa mingi huanza na tripu ya mchanga. Mchanga unamwagwa, picha zinapigwa, na mwaka wa pili ndipo inagundulika kwamba madarasa mawili yaliyofika kwenye renta (mkanda wa zege juu ya madirisha) hayatoshi hata Awali peke yake. Tuanze kwingine.

Hatua ya 1: Daftari la watoto

Chukueni daftari kubwa, pigeni mistari: jina, jinsia, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, nyumba anayoishi, anasoma wapi sasa, ana ulemavu gani. Piteni nyumba kwa nyumba pamoja na balozi. Msiulize "ana miaka mingapi?" Ombeni kadi ya kliniki muone wenyewe, maana mzazi akiulizwa umri hukadiria, na mtoto wa miaka minne na nusu atasemwa ana mitano.

Jambo moja la Kigoma: mtaa wa wavuvi msiuhesabu wakati Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa kati ya Mei na Agosti 2024. Familia nyingi huwa zimeondoka, na namba mtakayoipata itakuwa ndogo kuliko watakaofika Januari.

Wanaotafutwa hasa ni wenye miaka mitatu, minne na mitano. Tuseme mmepata 91, 79 na 84, kwa mpangilio huo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaweka Awali mwaka mmoja na Darasa la Kwanza kuanzia miaka 6. Kwa hiyo Januari ijayo hao 84 wanaingia Darasa la Kwanza na hao 79 wanaingia Awali.

Uwiano unaotumika ni wanafunzi 45 kwa darasa, na 25 kwa Awali. Watoto 84 ni mikondo miwili. Watoto 79 wa Awali ni vyumba vitatu, kila kimoja watoto 26 au 27. Hapo mmezidisha kidogo, inavumilika. Jumla mwaka wa kwanza ni vyumba vitano. Mwaka wa pili Darasa la Kwanza linahamia la Pili, wale 79 wanaingia la Kwanza, na wale 91 wanaingia Awali, ambako sasa vinatakiwa vyumba vinne. Mmefika vyumba vinane. Mwaka wa tatu hao 91 watakuwa Darasa la Kwanza, yaani mmoja zaidi ya mikondo miwili. Hakuna anayejenga chumba kwa ajili ya mtoto mmoja, lakini wakija wapangaji kumi mkondo wa tatu unawaangukia bila kujiandaa.

Fikisheni hesabu hiyo hadi Darasa la Sita, maana kwa sera hiyo elimu ya msingi ni miaka sita. Hiyo karatasi moja ndiyo itakayobeba hoja yenu kila ofisi mtakayoingia.

Vyoo hufuata namba hiyo hiyo: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Kati ya watoto 163 wa mwaka wa kwanza, wakiwa wasichana 83 na wavulana 80, ni matundu 5 na 4, pamoja na la mwenye ulemavu, chumba cha kujistiri wasichana wakubwa, na ya walimu. Madawati ni moja kwa watoto watatu, yaani 28 kwa Darasa la Kwanza. Awali msiwanunulie madawati: miguu inaning'inia. Viti na meza fupi, au mikeka mizuri kwa kuanzia.

Hatua ya 2: Eneo

Hapa ndipo penye kesi nyingi. Mjini, eneo ambalo halikutengwa kwenye ramani ya mipango miji lina mwenyewe, na mwenyewe hulipwa fidia. Akijitolea bure, iandikwe: nani katoa, ukubwa gani, mipaka ni ipi, mke au mume na watoto wakubwa wametia saini, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wameshuhudia. Kisha Afisa Ardhi apime na eneo lisomeke kuwa la shule. Maneno ya mzee mbele ya mkutano hayatoshi. Mzee akifariki, warithi huja na mwanasheria, na shule tayari imeezekwa. Kijijini uamuzi wa kugawa ardhi unapitia mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Muhtasari bila orodha ya mahudhurio hauna nguvu.

Kisha mtazame ardhi yenyewe. Kigoma ni vilima. Kwenye mteremko mkali, msingi wa upande wa chini hupanda hadi kumzidi mtu kimo, na saruji ya chumba kizima inaishia kwenye ukuta ambao hakuna atakayeuona. Tafuteni penye ngazi ya asili, au mpange majengo yakate mteremko kwa usawa badala ya kuushuka. Chimbeni mtaro wa kukinga maji upande wa juu kabla ya kuchimba msingi; mvua za Novemba mpaka Aprili zikikuta udongo mpya haujakingwa, zinachimba korongo mpaka chini ya jamvi. Mwambao nao una yake: ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, maji yaliingia kwenye majengo ya watu, Kibirizi ikiwemo. Panapouzwa rahisi pana sababu.

Upande mrefu wa darasa utazame kaskazini na kusini ili jua lisiingie machoni mwa watoto. Choo kiwe chini ya kisima kwa mteremko, na mbali nacho mita 30 au zaidi.

Hatua ya 3: Karatasi

Mkutano wa mtaa unapitisha, muhtasari unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia Afisa Elimu Kata na Afisa Elimu wa Awali na Msingi. Ambatisheni ile hesabu ya watoto, mchoro wa eneo, na idadi ya wanafunzi wa shule jirani kwa kila darasa. Diwani apate nakala mapema. Yeye ndiye atakayeisemea kwenye Baraza la Madiwani wakati wa bajeti. Ombi lililofika baada ya bajeti kufungwa linasubiri mwaka mzima, na hapo hakuna aliyewahujumu.

Hatua ya 4: Shikizi kwanza, au shule kamili?

Pesa ikija ya kutosha kwa mara moja, kama ilivyokuwa kwa shule zilizojengwa kupitia BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, jengeni shule kamili. Isipokuja, shule shikizi ni njia halali na nzuri: madarasa machache ya Awali na ya chini, chini ya usimamizi wa shule mama, ambayo ndiyo inayowaandikisha watoto na kuwaleta walimu. Ubaya wake ni mmoja. Shikizi isiyosajiliwa haipokei fedha kwa jina lake, na mitaa mingi huridhika ikasahau kudai usajili.

Hatua ya 5: Ujenzi

Miradi ya fedha za serikali kwa kawaida hujengwa kwa fosi akaunti: fundi wa kawaida, usimamizi wa kamati. Lazima kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ziwe tofauti. Anayenunua asiwe anayepokea. Mapokezi wahesabu mifuko ya saruji wenyewe, gari likiwa bado halijaondoka, na waandike kwenye leja siku hiyo hiyo. Ramani ni ile ya TAMISEMI inayotolewa na mhandisi wa Halmashauri. Msimruhusu fundi kupunguza nondo za renta kwa sababu "hapa tumezoea".

Msingi uchimbwe Juni, bati liwe juu kabla ya mvua. Boma lisiloezekwa likinyeshewa misimu miwili, tofali za kuchoma zilizoiva vibaya zinaanza kumung'unyika pembeni. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa, pamoja na ncha mlizokata.

Hatua ya 6: Usajili

Wathibiti Ubora wa Shule, Afisa Afya na mhandisi wanakagua, taarifa inapanda mpaka kwa Kamishna wa Elimu, ambaye ndiye anayesajili shule. Kinachokwamisha mara nyingi si madarasa. Ni vyoo visivyotosha, au eneo lisilo na nyaraka. Namba ikitoka, ndipo akaunti ya benki na fedha za ruzuku hufuata.

MASWALI

Mjumbe wa mtaa, Gungu: Tukichangisha kila kaya, mtoto wa asiyechanga tumfanyeje?

Hamumfanyi chochote. Elimu ya msingi haina ada, na mchango wa ujenzi ni wa hiari. Mtoto hazuiwi kuandikishwa wala kurudishwa nyumbani kwa deni la mzazi. Walimu wasiguse michango. Mpeni kazi asiye na pesa: kuteka maji, kusomba mawe. Na iandikwe thamani yake kwenye daftari, ili asionekane hakutoa kitu.

Mama mwenye mtoto wa miaka 6, Mwanga: Hana cheti cha kuzaliwa. Nitakataliwa?

Hapana, nenda na kadi ya kliniki na barua ya mtendaji, aandikishwe. Cheti ukifuatilie RITA mapema, na jina liandikwe kama lilivyo shuleni. Jina likitofautiana herufi moja, mtasumbuka kwenye mitihani. Wazazi huchanganya Hamisi na Khamis wakadhani ni kitu kimoja.

Baba, Buzebazeba: Mwanangu yuko Darasa la Nne kwenye shule yenye mlundikano. Nimhamishie hiyo mpya?

Kwanza uliza kama shule mpya ina Darasa la Nne. Nyingi zinaanza na madarasa ya chini. Kama lipo, uhamisho unapitia PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, si barua mkononi tu. Fanya hivyo mwanzoni mwa mwaka. Akishasajiliwa kwa upimaji wa Darasa la Nne, mwache amalizie alipo.

Mwalimu, Katubuka: Tugawe watoto kwa mipaka ya mtaa au kwa ukaribu?

Kwa ukaribu, na umbali upimwe kwa njia ya miguu. Nyumba iliyo ng'ambo ya korongo inaweza kuonekana jirani kwenye ramani, na Machi haivukiki. Mtaa uliochangia zaidi utalalamika. Ndiyo maana mgawanyo upitishwe na Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla watu hawajatoa jasho.

Mzazi, Kibirizi: Sare mpya lazima siku ya kwanza?

Si lazima. Aje na aliyonayo. Kamati ichague rangi ambayo vitambaa vyake vinapatikana soko la Mwanga kila siku. Rangi ya kuagizwa kwa fundi mmoja huzaa maneno.

Mjumbe wa kamati ya ujenzi, Kitongoni: Walimu watatoka wapi?

Serikali kuu ndiyo inayoajiri, na Mkurugenzi anaweza kuwahamisha ndani ya Halmashauri. Mwaka wa kwanza tegemeeni wachache kutoka shule mama. Kama mna nafasi ya ziada kwenye eneo, nyumba ya mwalimu ni hoja inayosikilizwa kuliko barua tatu za maombi.