SOMO: Jinsi ya kuandika rivyu ya sanaa shirikishi bila kuumiza walioshiriki

Wakuu, hili swali nimelijibu inboksi mpaka nimechoka, sasa naliweka hapa. Nazungumzia yale maonyesho ambayo msanii hachori kitu, anawaambia watu leteni kitu cha nyumbani au andikeni siku yenu ilivyokuwa, halafu michango yao ndo inakuwa kazi yenyewe.

1. Shiriki kwanza. Usiposhiriki hujaiona.

2. Nakili swali la msanii neno kwa neno.

3. Angalia nani hayupo. Asiyejua kuandika aliwekewa njia gani?

4. Hapa ndo niliharibu. Rivyu yangu ya kwanza nilichukua kadi moja, mama kaandika kuhusu sufuria aliyoachiwa na marehemu mama yake, nikasema imeandikwa ovyo na picha nikaweka. Jina halikuwepo ila mwandiko ulikuwepo, wanawe wakautambua, yule mama akaenda kuomba kadi yake itolewe. Nilikuwa nahakiki msiba wa mtu kama shairi la mashindano. Kinachohakikiwa ni swali, maelekezo, nafasi ya kuandikia, mpangilio, na msanii anavitunzaje vitu vya watu. USIPIGE mwandiko picha ya karibu. USINUKUU kadi nzima. Ila kama msanii kaanika siri za watu bila ridhaa yao, ukali wako wote upeleke hapo.

5. Sema imekugusa au haijakugusa, na kwa nini.

MASWALI

– Mkuu naweza kuandika kwa kuangalia picha tu?

Hapana. Soma namba 1.

– Mbona unatubana, rivyu si maoni ya mtu?

Maoni ni yako, kadi si yako.

– Samahani kaka, nitajuaje swali la msanii ni zuri?

Dada, hapo ndo penyewe. Angalia linazaa majibu ya aina gani. Mwaka 2011 kule New Orleans, Marekani, msanii Candy Chang aliweka ubao kwenye ukuta wa nyumba iliyotelekezwa, mstari unaanza "Kabla sijafa nataka" halafu nafasi fupi na chaki, kwa hiyo hata mpita njia anaandika na kuendelea na safari. Lile jumba la makumbusho la mapenzi yaliyovunjika kule Zagreb, Kroatia, lenyewe linaomba kitu pamoja na kisa chake, mtu inabidi akae chini afikirie. Na Mass Observation, mradi wa Uingereza wa kuchunguza maisha ya kila siku ya watu, 1937 waliomba watu waandike kila walichofanya tangu kuamka mpaka kulala kila tarehe 12 ya mwezi, na 12 Mei ikaangukia siku ya kutawazwa George VI, kwa hiyo sherehe ya mfalme ikaingia kwenye daftari moja na mambo ya jikoni. Jiulize, swali likibadilishwa neno moja majibu yangebadilika? Kama yasingebadilika, basi limelegea.

– Asante sana kaka. Nyongeza: bebeni penseli, sehemu nyingi kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na vitu.

Kweli kabisa. Mi nikitoka tu najirekodi kwa simu dakika mbili kabla sijaongea na mtu, maana ukishasikia maoni ya mwenzio ya kwako yanapotea.