Unataka kuwahoji wachezaji wa zamani kuhusu mila ya timu yao ya chuo? Fanya hivi

Hii ni kwa wale mnaofuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani (ile ya helmeti, sio soka) na mnataka kukusanya kumbukumbu za watu waliocheza, iwe ni kwa podkasti, makala au kitabu kidogo cha familia. Mila za hizi timu zimeandikwa sana, ila nyingi zimeandikwa na watu wa masoko wa chuo, na stori ya masoko siku zote imenyooka mno. Aliyevaa jezi ndo anayo ile iliyopinda, na hiyo ndo tunaitaka.

Kabla hujampigia mtu simu, jua miaka. Hapa watu wanaruka na hapa ndo intavyuu nyingi zinapoharibikia. Chukua Clemson, chuo kilichoko jimbo la South Carolina. Leo kila mtu anajua wachezaji wanaligusa jiwe la Howard halafu wanashuka kilima mbio kuingia uwanjani. Sawa, lakini uwanja ulifunguliwa 1942 na jiwe halikuwepo, walikuwa wanashuka kilima kwa sababu ya kawaida kabisa, yaani walikuwa wanabadilishia nguo kwenye jengo lingine nje ya uwanja na geti la karibu lilikuwa upande ule wa kilima, basi. Jiwe lenyewe lilitoka Death Valley, bonde la jangwa kule California, kocha Frank Howard aliletewa kama zawadi akalifanya la kuzuia mlango wa ofisi yake. Lilipandishwa kwenye nguzo juu ya kilima 1966, na mwaka uliofuata Howard akawaambia vijana wake kama mko tayari kutoa asilimia 110 liguseni, kama hamko tayari ondoeni mikono yenu michafu kwenye jiwe langu. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 70 timu ikapata vyumba vipya upande wa pili wa uwanja, ikaacha kushuka kilima, ikaja kurudia 1972 kwenye mechi na watani wao wa jadi, timu ya Chuo Kikuu cha South Carolina, wakashinda 7-6.

Sasa ona hiyo inakuhusu vipi. Aliyecheza 1958 anacho kilima, hana jiwe. Aliyecheza 1971 anaweza asiwe na hata kimoja. Ukimuuliza yule wa 1958 alijisikiaje alipoligusa jiwe umeshamvunjia heshima, na kibaya zaidi anaweza kukujibu kwa ustaarabu tu, akakupa maneno aliyoyasikia kwenye tivii, nawe ukaondoka unafurahi na kitu ambacho sio chake. Kwa hiyo tengeneza ratiba ya mila yenyewe, lini ilianza, lini ilisimama, nani aliibadilisha, halafu ndo utafute watu wa kila kipindi. Mimi yule wa kipindi mila ilipokuwa haipo nampenda kuliko wote, manake yeye ndo atakwambia timu ilikuwaje bila hiyo kitu, na kama wenzake waliidai irudi au hawakujali.

Na usiishie kwa mastaa. Staa ameshahojiwa mara nyingi, majibu yake yameshakauka. Mtafute aliyekaa benchi misimu yote, aliyejiunga bila ufadhili wa masomo, kijana wa vifaa aliyekuwa anabeba helmeti. Hawa walikuwa wanaangalia wenzao, wanakumbuka nani alikuwa anatapika kabla ya mechi na nani alikuwa hataki kuongeleshwa.

Ukienda, beba vitu. Orodha ya kikosi cha mwaka wake, matokeo ya msimu mzima, picha ya uwanja ulivyokuwa enzi zile. Mpe ashike mwenyewe, usimsomee. Utaona kidole kinashuka kwenye majina polepole, kinasimama pahali, anacheka au ananyamaza, na hapo ndo unauliza "huyu ni nani?" Swali hilo moja linatoa zaidi ya maswali kumi uliyoandika kwenye daftari.

Maswali ya maana, kwamba hii mila ina maana gani kwako, hii familia ya timu ilikujengaje, yaweke mwisho kabisa au yaache. Anza na mwili. Jiwe uliligusa kwa mkono gani? Ulikuwa umevaa glavu? Mbele yako alikuwa nani kwenye foleni? Njumu zilikuwa zinatoa sauti gani kwenye sakafu ya zege? Mlikuwa mnasikia nini kabla geti halijafunguliwa? Mtu akisema "tulikuwa tunaligusa tu" mwombe asimame akuonyeshe. Akisimama, mwili unakumbuka, ataanza kuinama kidogo kwa sababu kila mtu alikuwa anasukumwa na aliye nyuma, na ghafla anakwambia siku ya kwanza alikosa kabisa kuligusa na hakumwambia mtu. Hiyo ndo kumbukumbu.

Kuhusu ukweli wa stori. Wachezaji wanakuza mambo, ni kawaida, miaka 40 ya kusimulia inaongeza yadi kwenye kila mbio. Usimbishie mbele yake, rekodi, kisha kalinganishe na magazeti ya wakati ule. Ila kuna wengine wanapunguza, na hao wanafundisha zaidi. E. King Gill wa Texas A&M ndo chanzo cha mila yao ya Mtu wa 12, ile ya wanafunzi kusimama mechi nzima kuonyesha wako tayari kuisaidia timu. Tarehe 2 Januari 1922, Dallas, wanacheza na Centre College, majeruhi wamejaa mpaka kocha Dana X. Bible anaona wachezaji watamwishia, na Gill alikuwa ameshaacha futiboli ili acheze basketi, yuko juu kwa waandishi anawasaidia kutambua wachezaji. Akaitwa, akavaa jezi ya mwenzake aliyeumia, akasimama pembeni mpaka mwisho. A&M wakashinda 22-14. Baadaye mwenyewe alisema angependa kusema aliingia akafunga tachidauni ya ushindi, lakini hapana, alisimama tu kwa ajili ya timu kama ingemhitaji. Kama angejikuza kidogo tu ile mila ingekuwa ya shujaa mmoja, na wanafunzi wasingekuwa na sababu ya kusimama mechi nzima mpaka leo.

Msiba unahitaji mwendo wake. Chuo cha Marshall, jimbo la West Virginia, kila tarehe 14 Novemba wanazima maji ya chemchemi ya kumbukumbu chuoni na hayafunguliwi mpaka majira ya kuchipua, kwa ajili ya watu 75 waliokufa kwenye ajali ya ndege ya timu mwaka 1970. Wapo wachezaji ambao hawakupanda, wengine walikuwa majeruhi, wengine wa mwaka wa kwanza ambao sheria za wakati ule ziliwazuia kuchezea timu ya wakubwa. Mtu wa namna hii usimuulize kwa nini wewe ulibaki. Muulize mwenzake wa chumbani alikuwa mtu wa aina gani, alikuwa anapenda muziki gani. Akinyamaza nyamaza naye, mashine iendelee kurekodi, na akisema izime, izime kweli.

Pesa pia uliza, lakini kwa adabu. Chuo cha Ohio State, tangu 1934 wachezaji wakiwafunga watani wao Michigan wanapewa kisuruali cha dhahabu, yaani kipambo kidogo chenye umbo la suruali, kina herufi za jina lake na matokeo. Mwaka 2010 wachezaji watano walifungiwa mechi tano za msimu uliofuata kwa kuuza vitu walivyopewa kwenye timu, na baadhi ya vitu vilivyouzwa ni hivyo visuruali. Sasa tangu 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao. Ukimuuliza mzee aliyecheza miaka ya 60 anaionaje hiyo usishangae akiwatetea vijana, wengi walicheza bila senti. Muulize kisuruali chake kiko wapi. Kama alimpa mama yake au kimezikwa na mtu, utaambiwa.

Jambo la afya msilisahau, huu mchezo ni wa kugongana vichwa na baadhi ya wakongwe wanachoka haraka au wanapoteza mtiririko. Nenda asubuhi, saa moja inatosha, mke au mtoto wake akae karibu kama anataka, na ruhusa ichukue kwa maandishi kabla hujawasha kitu.

Ukimaliza, faili ipe jina lake, miaka aliyocheza, namba ya jezi na tarehe ya mazungumzo siku hiyohiyo, usingoje wiki. Mrudishie nakala asome, akitaka kufuta sentensi ifute. Halafu kopi moja ipeleke kwenye nyaraka za maktaba ya chuo chake, vyuo vingi vinapokea, na nyingine iache kwa wajukuu wake.