Moto wa msituni ukiwazidi: jinsi ya kuomba na kupokea msaada wa nchi nyingine

Kwanza kabisa makaratasi yaishe kabla msimu wa moto haujaanza. Nani analipa mafuta ya ndege, bima ni ya nani mtu akiungua, visa zinatoka ndani ya masaa mangapi, yote yawe yameshasainiwa, maana moshi ukishatanda hakuna mwenye muda wa kubishana mezani. Na hela za wazima moto wenyewe ziandikwe wazi kila mtu aelewe kabla hajapanda ndege. Mwaka 2016 vijana kama 300 wa Afrika Kusini walienda Alberta, Kanada kusaidia wakati wa moto wa Fort McMurray, ukazuka mgogoro wa malipo, wakagoma, wakarudishwa kwao na moto bado haujadhibitiwa. Inauma sana, kwa sababu nguvu kazi ilikuwepo kabisa.

Tafuteni marafiki ambao msimu wao umepishana na wenu, ndo maana Australia na Kanada huwa zinapeana watu, huku kukiwaka kule kumetulia.

Msingoje mzidiwe ndo mpige simu, watu wa mbali wanachukua siku kadhaa kufika. Ramani za setilaiti ziitwazo FIRMS, za NASA, shirika la anga la Marekani, ni za bure na zinaonyesha sehemu zenye joto kali, ila wingu zito likikaa juu setilaiti haioni kitu kwa hiyo doria ya chini isiachwe. Halafu mkiomba msiseme tu tusaidieni, semeni helikopta mbili zenye ndoo, watu 40 wa kufyeka njia ya kuzuia moto, wiki mbili. Kituo cha dharura cha Umoja wa Ulaya kule Brussels kiko wazi saa 24 na hata nchi isiyo mwanachama inaruhusiwa kuomba.

Wakishafika sasa, hapo ndo pagumu. Kamanda awe mmoja tu, redio ziwekwe masafa yanayosikilizana, na mipira ya maji ijaribiwe siku hiyohiyo kwani viunganishi vya wageni mara nyingi haviingiliani na vyenu, muwe na adapta. Kila kikosi kipewe mwenyeji, yaani mtu anayejua upepo wa bonde lile unageuka saa ngapi na daraja lipi halibebi lori, na asiwaache hata wakienda kula.

Siku ya kuondoka hesabuni vifaa pamoja, lipeni, mkae nao muulize nini kiliwakwamisha, na majibu yao yaingie kwenye mkataba wa msimu ujao.