Jinsi ya kulinda wimbo wako kabla haujafika sokoni

Mdogo wangu unayerekodi hapa Lubumbashi, kabla ya kumlaumu kijana anayejazia watu nyimbo kwenye simu pale soko la Kenya (komini ya hapa mjini, si nchi), uliza kwanza ni nani aliyetoka studio na faili mfukoni. Wimbo niliohangaika nao wiki mbili niliusikia ndani ya teksibasi, mwanzoni bado kuna sauti yangu ikihesabu “moja, mbili”. Ulitoka kwenye flashi niliyompa mpiga besi akafanyie mazoezi. Mwimbaji alilia mbele yangu, nikakosa la kumwambia.

Kwa hiyo wimbo ambao haujakamilika usitoke mzima. Nakala ya mazoezi iwe na ubeti mmoja na kiitikio, basi. Kila baada ya sekunde 20 weka sauti inayotaja jina lako, nayo ipite juu ya maneno yanayoimbwa. Ukiiweka penye ukimya, mtu ataikata mara moja. Na kila nakala iwe na alama yake: ya mpiga besi itaje jina mara mbili mfululizo, ya mpiga ngoma mara moja. Ikivuja, utajua imepitia kwa nani.

Karatasi iandikwe siku ileile ya kurekodi, kabla pesa haijaonekana, maana ikishaonekana kila mtu ni mtunzi. Nani katunga maneno, nani muziki, asilimia ngapi, sahihi za wote. Nenda nayo SOCODA, shirika la haki za watunzi hapa Kongo, ukajiandikishe. Sheria ya haki za watunzi tunayo tangu 1986, lakini ukishitaki utaulizwa ushahidi.

Mtandaoni, msambazaji atakupa ISRC, namba ya kuutambua wimbo uliorekodi, yenye herufi na tarakimu jumla 12, itunze. Ila usitegemee huko tu: tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kampuni kubwa za Marekani na Ulaya zililia sana Napster, programu ya kubadilishana nyimbo bure, ilipoanza mwaka 1999, kisha mitandao ya kulipia ikazirudishia mapato. Wewe na mimi tunalipwa harusini.

Ndiyo maana siku ya kuutoa, mpelekee yule kijana wa sokoni nakala safi wewe mwenyewe, yenye jina lako na namba ya simu ya kazi. Jina la faili watalibadilisha. Mimi humwambia mwimbaji aitaje namba hiyo polepole mwishoni mwa wimbo, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, gitaa likiendelea chini yake.