Somo: Kihisi na kitendaji katika tangi la maji linalojijaza lenyewe

Ndugu wanachama, nimechagua tangi la maji la juu ya paa kwa sababu linaonyesha wazi vitu viwili ambavyo wanaoanza Intaneti ya Vitu (vifaa vya kawaida vinavyounganishwa na intaneti) huvichanganya: kihisi, kinachogeuza hali ya mazingira kuwa ishara ya umeme, na kitendaji, kinachogeuza ishara ya umeme kuwa kazi.

Hatua ya 1: Kupima. Funga kihisi cha HC-SR04 chini ya mfuniko, kikitazama maji. Hutoa mlio wa mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambao sikio la binadamu haliusikii, kisha husubiri mwangwi. Kwenye nyuzijoto 20 sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya maikrosekunde 6,000, zidisha kwa sentimita 0.0343, yaani umbali ambao sauti husafiri kwa maikrosekunde moja, kisha gawanya kwa mbili, maana sauti imekwenda na kurudi. Maji yako umbali wa takriban sentimita 103.

Hatua ya 2: Kuunganisha na bodi ya ESP32, kompyuta ndogo inayosoma kihisi na kutoa amri. Waya wa mwangwi hutoa volti 5, ilhali pini za bodi ni za volti 3.3. Pitisha mwangwi kwenye rezista (kizuizi cha umeme) ya kilo-omu 1 hadi kwenye pini, na kutoka kwenye pini hiyo weka ya kilo-omu 2 hadi GND (upande wa volti sifuri), ili volti zishuke.

Hatua ya 3: Kuamua. Hapa ndipo nilipopata hasara. Niliweka kikomo kimoja tu, asilimia 80 ya kujaa kwa tangi. Maji yakawa yanachezacheza, kipimo kikaruka kati ya 79 na 81, na relei (swichi ya pampu inayoendeshwa na umeme) ikawa inawaka na kuzima mfululizo, tak-tak-tak, hadi midomo yake, yaani vyuma vinavyogusana ndani yake, ikagandana na maji yakamwagika usiku kucha. Weka vikomo viwili: pampu iwake maji yakishuka chini ya asilimia 30, izime yakifika 90, na katikati ya hapo ibaki katika hali iliyokuwamo.

Hatua ya 4: Kutenda. Pini ya bodi haina nguvu ya kuendesha pampu, hivyo huamrisha relei. Tumia midomo ambayo huwa wazi, yaani haigusani, relei isipopata umeme, ili bodi ikizimika pampu nayo isimame. Upande wa volti 230 mwachie fundi umeme.

Maswali ya wanachama

Swali: Intaneti ikikatika, pampu itasimama?
Jibu: Haitasimama, mradi uamuzi unafanyika ndani ya bodi yenyewe. Intaneti ikuletee taarifa kwenye simu tu.

Swali: Kihisi changu kinapata mvuke na vipimo vinarukaruka. Nifanyeje?
Jibu: HC-SR04 haihimili unyevu. Tafuta JSN-SR04T isiyopitisha maji, lakini iinue, kwa kuwa haisomi vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 25 hivi. Pia chukua vipimo vitano, uvipange, utumie cha katikati.

Swali: Na relei ikigandana tena?
Jibu: Fundi aweke swichi ya boya karibu na ukingo wa tangi, katika njia ileile ya umeme wa pampu. Maji yakiliinua boya, umeme unakatwa bila kuisubiri bodi.