Mkataba wa dawa za maumivu Marekani: kidonge cha daktari mwingine kinaweza kukufukuzisha

Ukifika kliniki ya maumivu Marekani na mgongo wako, goti lako au selimundu yako, utapewa karatasi kabla ya kidonge. Ni makubaliano ya matibabu, kurasa mbili tatu, na wengi wetu tunayasaini kama karatasi nyingine zote za mapokezi, haraka haraka huku foleni ikipumua nyuma. Karatasi hiyo ndiyo iliyoniumiza. Sikuuza dawa, sikuiba, sikumdanganya mtu. Nilikwenda kung'olewa jino.

Daktari wa meno aliniandikia haidrokodoni, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, za siku chache. Famasia ikanipa, nikameza, jino likapoa. Niliporudi kliniki kuchukua dawa zangu za mgongo, muuguzi alinigeuzia skrini nikaona mstari wenyewe: tarehe, jina la dawa, idadi ya vidonge, jina la daktari wa meno. Kisha akafunua karatasi yangu na kuweka kidole kwenye kifungu kinachosema mgonjwa hatapokea dawa ya jamii ya afyuni kwa daktari mwingine bila kuijulisha kliniki. Saini chini yake ni yangu. Barua ya kunitoa kwenye orodha ya wagonjwa wao ilikuja kwa posta.

Elewa mtego unavyofanya kazi. Kila jimbo sasa lina daftari la kielektroniki ambamo famasia huingiza dawa za kudhibitiwa inazotoa. Missouri ndiyo iliyochelewa kuliko wote, sheria yake ilitiwa saini 2021. Daktari hulifungua kabla hujavuta kiti. Daftari halijui kwamba shavu lako lilikuwa limevimba. Linajua madaktari wawili, dawa mbili za aina moja, mwezi mmoja. Mtu wa namna hiyo huku anaitwa mtafuta dawa, na jina hilo likishaingia kwenye faili linakutangulia kila unakokwenda.

Kwa hiyo, kabla ya daktari wa meno, kabla ya upasuaji, na hata ukikimbizwa hospitali ya dharura, wajulishe wa kliniki yako ya maumivu. Ukishindwa kabla, fanya hivyo siku ileile unapotoka. Andika kupitia akaunti yako ya mgonjwa mtandaoni, usiishie kupiga simu. Simu hupokelewa na mtu wa mapokezi ambaye kesho hayupo, ujumbe ulioandikwa una tarehe na saa. Na huyo daktari wa meno mwambie kabla hajashika kalamu kwamba una mkataba wa dawa za maumivu mahali pengine. Narudia kwa sababu najua utasema “ni vidonge sita tu”: idadi haijalishi. Hata kimoja, wajulishe.

Mtego wa pili ni kikombe cha mkojo. Kipimo cha haraka cha dawa za afyuni kimelengwa kutafuta morfini na kodeini. Dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo zinakiponyoka: tramadoli hakiioni, fentanili hakiioni, na oksikodoni mara nyingi inakipita. Sasa wewe umeandikiwa tramadoli, unaimeza kila siku kama ulivyoagizwa, na kipimo kinasema hamna kitu. Mwenye macho ya kushuku ataandika kwamba humezi, unauza. Usigombane na muuguzi. Omba kwa utulivu, na kwa maandishi, sampuli hiyohiyo ipelekwe maabara kwa kipimo cha uhakiki kinachotaja kila dawa kwa jina lake. Mikate na keki zenye zile mbegu ndogo za mmea wa afyuni, achana nazo kabisa, maana zinaweza kuonyesha morfini kwa mtu asiyejua lolote. Na usikubali kuambiwa umeshindwa kipimo kabla uhakiki haujarudi.

Sasa nizungumze na ndugu, kwa upendo. Shangazi, tunajua una huruma, lakini usimpe msafiri tramadoli ailete kwenye mzigo. Tramadoli iko kwenye orodha ya dawa za kudhibitiwa za Marekani tangu 2014. Kwenye begi la mtu mwingine, bila cheti cha daktari, hiyo ni kesi ya dawa za kulevya, na kwa mwenye viza au kadi ya kijani hukumu ya kesi kama hiyo inaweza kumrudisha kwao moja kwa moja. Diklofenaki nayo, mnayoichukulia kama peremende, ukiichanganya na ibuprofeni inayouzwa huku kila kona unaharibu tumbo na figo kwa mpigo mmoja. Na nyinyi mnaotuma ujumbe “nibakishie zile kali za Marekani”, acheni. Kliniki inaweza kunipigia leo kwamba nilete chupa kesho, na vidonge vitahesabiwa mezani mbele yangu. Kwetu mgonjwa haulizwi uji, huku anahesabiwa vidonge.

Bangi je? Majimbo mengi yameiruhusu, na rafiki mwema atakwambia inapunguza maumivu. Sheria ya shirikisho bado inaikataza, na uhamiaji ni wa shirikisho. Ukikiri kuitumia, ombi lako la uraia linaweza kukwama hata kama jimbo lako linaiuza dukani wazi. Usijaribu.

Mtauliza, nchi tajiri hivi mbona inamfanyia mgonjwa upelelezi? Kwa sababu ilianza kwa kumwaga. OxyContin, oksikodoni ya kampuni moja, iliingia sokoni 1996, madaktari wakaambiwa ni nadra mtu kuizoea, na kampuni yake, Purdue Pharma, ilikuja kukiri makosa ya jinai 2007 na tena 2020. Watu wakazama. Mwaka 2022 zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa, wengi kwa fentanili ya vichochoroni. Mwaka 2016 CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, ikatoa mwongozo wa kuwataka madaktari waepuke kuvuka kiwango kinacholingana na miligramu 90 za morfini kwa siku, na ushauri huo ukageuzwa amri na kliniki, bima na majimbo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilionya 2019 kwamba kumkatia mgonjwa dawa ghafla ni hatari. CDC yenyewe ilirekebisha mwongozo 2022, ikasema viwango vile si ukuta. Lakini kliniki nyingi bado zina woga wa 2016. Hawa watu, nionavyo mimi, hawajui katikati. Jana kila aliyeugua kiuno alibeba chupa, leo kila mwenye chupa ni mshukiwa.

Na rangi yako inaingia humo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia uliotoka 2016 ulikuta karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wanagenzi weupe waliohojiwa wanaamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kama vile kwamba ngozi yetu ni nene zaidi. Sasa ongeza desturi yetu ya kuanza na mema. Muuguzi anauliza hali, unajibu nzuri tu, anaandika mgonjwa anaendelea vizuri. Usijikaze mbele yao, wala usilie kupita kiasi. Sema usichoweza kufanya: siinami kufunga viatu, siketi dakika ishirini, naamka saa nane usiku. Mkalimani ni bure, mwombe, usimtumie mtoto wako.

Ukipewa duloksetini au amitriptilini usichukie kwamba wamekuona mwendawazimu. Ni dawa za sonona, kweli, lakini hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu na huchukua wiki kadhaa kuonekana. Mwambie daktari kama unatumia pia tramadoli, kwani hazipatani vizuri. Bima ikikataa dawa, kata rufaa.

Ikitokea wakakufukuza kama mimi, omba kwa maandishi mambo mawili: mpango wa kupunguza dozi polepole, ukitaja lile onyo la FDA la 2019, na nakala ya faili lako lote. Tafuta daktari mpya dawa ikiwa bado ipo, maana jasho, kuhara na kukosa usingizi kwa kukatiwa ghafla ukiyapeleka hospitali ya dharura yatasomwa kama uraibu. Nyumbani weka naloksoni ya puani, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dawa za afyuni, tangu 2023 inauzwa bila cheti, na wafundishe unaoishi nao.

Kisha soma kilichoandikwa juu yako. Sheria inakupa haki ya kuona faili na kuomba lirekebishwe, na wana siku 60 za kujibu, ambazo wanaweza kuziongeza mara moja kwa siku 30. Wakikataa, una haki ya kuambatanisha maelezo yako ya kupinga. Ombi langu walilikataa. Maelezo yangu ya nusu ukurasa na barua ya daktari wa meno vimo ndani ya faili, na daktari wa sasa alivisoma kabla ya kuniuliza chochote. Ombi lenyewe lipeleke idara ya kumbukumbu za wagonjwa. Ukimwachia daktari litalala mezani kwake.