Tajini ya kuku kwa malimau ya chumvi na zeituni

Tajini ni jina la chungu, na ni jina la chakula chenyewe pia. Hii ya kuku, Wamoroko huiita mqualli.

Malimau yatangulie, maana huchukua mwezi. Yapasue msalaba bila kuyatenganisha, yashindilie chumvi, yabane kwenye chupa mpaka yazame kwenye maji yake. Achari yetu ya ndimu haifai hapa; pilipili yake itafunika zafarani.

Chungu kipya kisichong'arishwa kiroweke usiku kucha. Kikishakauka kipake mafuta, kiingize kwenye oveni ikiwa baridi, ndipo uwashe nyuzi 150 kwa saa mbili. Kipoe humohumo. Changu cha kwanza nilikimiminia kikombe cha maji ya baridi kikiwa jikoni: kikalia ta! na mchuzi wote ukanywewa na makaa.

Siku ya kupika:

1. Paka vipande vya kuku (mapaja, kidari hukauka) saumu punje tatu, tangawizi ya unga kijiko cha chai, manjano na pilipili manga nusu nusu, na zafarani. Chumvi kidogo mno. Vilale saa mbili.

2. Vikune vitunguu maji viwili vikubwa, vitandaze chunguni na mafuta ya zeituni vijiko vinne. Panga kuku juu, tia kitita cha kotimiri na nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Usiongeze! Mvuke hupanda kwenye mfuniko ule wa umbo la pia, ukarudi matone.

3. Injika kwenye makaa yaliyokwisha kushika majivu. Kwenye gesi, tanguliza bati la kusambaza moto. Kuku wa kisasa saa moja, wa kienyeji hata mbili. Tega sikio: usikie mchemko wa chinichini tu. Ukisikia kishindo, punguza makaa.

4. Dakika 15 za mwisho, tia maganda ya limau moja yaliyooshwa na zeituni ulizozichemsha kidogo kutoa ukali. Acha mfuniko wazi kidogo. Pitisha mwiko chini: njia yake isipojifunga upesi na mafuta yakaelea, hiyo ndiyo daghmira, rojo la vitunguu, na kwangu ndiyo tajini yenyewe.

Peleka chungu mezani, kila mtu amege mkate na kula upande wake. Nyumbani kwangu wanadai wali. Nimenyamaza, nawapikia.